Hoja ya Machozi

Mwakirunge, Kisauni
Jumapili, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Chrispine,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu barua haina watu mia tisa wa kuishangilia. Utaisoma peke yako. Rispa amekubali kuibeba. Anauza mitumba Kongowea na kila jioni anavuka feri kurudi Bofu, na anasema kwako ni njiani.

Jana nilitoka katika ile grupu yako ya simu, Hoja Mezani. Sikuaga. Nilitoka kama mtu anavyotoka kwenye choo kichafu, nimeziba pua.

Nitakukumbusha kisa, maana naona ukishaandika husahau. Jirani yangu Bi Mwanasaumu, mshona kofia, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, alituma ujumbe wa sauti. Alisema kampuni ya machimbo ikilipua baruti nyumba yake hutikisika, na tangu walipoanza kuchimba upande wetu mwezi wa Desemba, ukuta wa chumba chake cha kulala umepasuka. Mama wa miaka sitini na minane. Hakumtukana mtu. Wewe ukamjibu kwa maandishi, na yeye bila miwani hasomi, basi nikamsomea mimi. Kwa kinywa changu, Chrispine, nilisoma: "Namba tatu, kufuatana si kusababishana. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini si jogoo anayelichomoza." Chini yake vicheko, mstari baada ya mstari.

Bi Mwanasaumu akaniuliza, "Huyo jogoo ni nani? Ni mimi?"

Nilikosa pa kuweka uso.

Ile orodha yako ya makosa kumi na mawili ya hoja, uliyoibandika ili watu wajifunze kufikiri, imekuwa fimbo. Hakuna anayefikiri tena. Mtu akisema mwanawe anakohoa kwa vumbi la mawe, wanamrushia namba. Saba! Tatu! Tano! Hata kumsalimu kwanza hawamsalimu. Nilikulea tangu mama alipofariki, nikashona sare za shule za watu hadi ukasoma, na nilijivuna nikisikia unavyopanga maneno. Sasa nikiyasoma naigeuza simu kifudifudi.

Mtu anaweza kukosea kusema na bado nyumba yake ikawa imepasuka. Njoo uutazame huo ufa kwa macho yako. Ni hilo tu nakuomba.

Dada yako,
Kache


Bofu, Likoni
Alhamisi, 13 Februari 2025

Dada Kache,

Shikamoo. Barua nimeipata. Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, na usikasirike nikikuambia kwamba ina makosa manne.

Umenishambulia mimi badala ya hoja yangu, hiyo ni namba moja. Umemtaja marehemu mama na sare za shule ili nione huruma, hiyo ni namba tano, hoja ya machozi. Umesema Bi Mwanasaumu ana miaka sitini na minane, kana kwamba umri ni ushahidi. Na harufu ya choo si hoja.

Sikusema mama huyo ni mwongo. Nilisema hajathibitisha, na anayedai ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha. Wewe mwenyewe uliniambia nyumba ile ilijengwa kwa mchanga wa baharini. Novemba mvua ilinyesha wiki tatu. Kwa nini isiwe mvua? Kwa nini isiwe mchanga? Na huyo Kioko anayemuunga mkono kila siku alifutwa kazi hapo hapo machimboni mwezi wa Januari. Ana kinyongo. Maneno ya mtu wa namna hiyo utayaaminije?

Dada, hujui grupu nyingine za Mombasa zilivyo. Ni matusi na kabila na dini kutwa. Yangu watu wanaisifu kwa sababu ina nidhamu. Hata pale ofisini Changamwe, ninakoshughulikia karatasi za mizigo, wakubwa wanaisoma. Wiki ijayo nimealikwa redioni.

Kuhusu kuja, kazi ni nyingi mwezi huu. Na hata nikija, macho yangu si kipimo.

Bi Mwanasaumu ametoka mwenyewe kwenye grupu. Nadhani alikosa jibu.

Mdogo wako,
Chrispine


Mwakirunge
Alhamisi, 20 Februari 2025

Chrispine,

Kalamu nyekundu! Nimeionyesha cherehani yangu barua yako, maana binadamu mwenzangu naona haya kumwonyesha.

Umesema Kioko asiaminiwe kwa sababu alifutwa kazi. Je, hiyo si namba moja yako? Au namba hizo ni za kuwapiga wengine tu?

Umesema mchanga wa baharini. Ni kweli. Nyumba ni dhaifu. Kwa hiyo mtu akiwa dhaifu ndiyo ruhusa ya kumtikisa?

Haya, umetaka kipimo. Kioko alikuwa mtoboaji wa mashimo ya baruti miaka sita, akatufundisha jambo moja. Tulikata kipande cha karatasi nyembamba, tukakigundisha kukatiza ufa, gundi huku na huku, nikaandika tarehe juu yake. Hiyo ilikuwa Ijumaa tarehe kumi na nne. Jumamosi kilikuwa kizima. Jumapili kizima, Jumatatu kizima, na wala mvua haikunyesha. Jumanne saa tisa alasiri wakalipua. Nilikuwa nimesimama mbele yake na Bi Mwanasaumu amenishika mkono. Karatasi ilichanika katikati mbele ya macho yetu. Tukagundisha nyingine, nayo ilikaa nzima hadi leo saa tisa, walipolipua tena.

Karatasi hizo mbili nimezitia ndani ya bahasha hii. Karatasi haina machozi. Zipige picha uziweke kwenye grupu, pamoja na maneno niliyoandika nyuma yake, kwa sababu mimi na Bi Mwanasaumu hatumo tena. Kuna watu wa kaunti ndani humo, huenda mmoja akaona na kuja.

Kache


Bofu
Alhamisi, 27 Februari 2025

Dada,

Karatasi nimezipata. Nimeziweka kwenye grupu kama ulivyoagiza. Kulikuwa na mjadala mzuri. Wengi walisema karatasi mbili ni chache, na kwamba ilifaa kugundisha nyingine kwenye nyumba iliyo mbali na machimbo ili kulinganisha. Ni hoja ya haki, utakubali.

Nadhani tuliache jambo hili litulie. Redioni mambo yalikwenda vizuri, walinipigia makofi.

Mpe Bi Mwanasaumu heri za Ramadhani.

Chrispine


Mwakirunge
Jumapili, 16 Machi 2025

Chrispine,

Ukuta umeanguka.

Ilikuwa Jumamosi tarehe nane, saa tisa na robo. Bi Mwanasaumu amefunga, ameketi chini kando ya kitanda chake anamalizia kofia za wateja wa Idi. Mimi niko kwangu na cherehani. Ulikuja mlio, ukifuatwa na ule mtikiso ambao tumeuzoea kama watu wanavyozoea jino bovu. Na baada yake kishindo kingine, kizito, cha karibu. Vumbi likaja hadi mlangoni kwangu.

Tulimtoa mimi na Kioko na kina mama wanne. Mawe tuliyaondoa kwa mikono. Kichwa kilipona kwa sababu aliangukia uvunguni mwa kitanda. Mkono wa kulia ulibaki nje. Nilipouona niligeuka nikatapika, na ni mkono uliowahi kunifunga kidonda. Hospitali wamekata vidole viwili na wanasema cha tatu watakitazama. Alikuwa bado ameshika sindano, daktari akaichomoa kwenye nyama ya kiganja.

Sasa nikueleze yaliyonifanya nikuchukie, maana lile la ukuta lilinihuzunisha tu.

Kioko alibaki kwenye grupu, ingawa kwa wiki kadhaa hakuwa ameifungua. Siku ile ile aliweka picha ya kifusi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali na nguo zangu zina damu ya mtu, akanionyesha majibu. Wa kwanza aliandika: "Namba tano." Wa pili: "Ukuta mmoja si takwimu." Wa tatu aliweka uso wa kucheka. Nilimwambia Kioko apande juu, arudi hadi mwezi wa pili, anionyeshe karatasi zangu na ule mjadala mzuri. Alitafuta hadi kidole kikachoka. Hakuna karatasi, Chrispine. Hakuna mjadala. Na juu zaidi kuna mstari mmoja wa rangi ya kijivu unaosema kwamba wewe, msimamizi, ulimwondoa Bi Mwanasaumu tarehe kumi na mbili ya Februari. Tarehe kumi na tatu ukaniandikia kwamba ametoka mwenyewe, amekosa jibu.

Niliwahi kukupangusa makamasi kwa kanga yangu bila kuona kinyaa. Leo jina lako likitajwa natema mate chini.

Usinijibu kama jibu lako lina namba.

Kache


Bofu
Jumapili, 23 Machi 2025

Dada Kache,

Shikamoo, hata kama hutaipokea.

Ni kweli yote. Nilimwondoa. Karatasi zako sikuziweka. Zilipofika nilizitandaza mezani nikaona zimechanika sawasawa, na nikajua. Nikajiambia mbili ni chache. Yale maneno ya watu niliyokuandikia niliyatunga mimi. Nilikuwa nimeshasema redioni kwamba mambo ya Mwakirunge ni uvumi, nikaona haya kurudi nyuma mbele ya watu mia tisa. Sikupewa chochote na kampuni wala sijawahi kuzungumza nao. Ingekuwa afadhali ningekuwa nimehongwa, maana ungekuwa na jina la kuniita. Nilipenda kushinda, basi.

Kuna jambo lingine usilolijua. Kabla sijamwondoa, Bi Mwanasaumu alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Niliusikiliza sekunde ishirini, nikasikia sauti inatetemeka, nikasema hoja ya machozi hii, nikaufuta. Lakini simu huhifadhi sauti hata ukiifuta. Barua yako ilipofika nikaitafuta. Nimeisikiliza yote. Nakuandikia sehemu ya maneno yake:

"Mwanangu Chrispine, hayo ya jogoo mimi sikuyafahamu. Sina ugomvi na kampuni, wala nawe. Ukuta umeinamia upande wa kitanda changu. Nataka mtu mmoja tu mwenye kujua aje atizame, aniambie nihame ama nikae. Akisema nikae, wallahi nitakaa."

Hakudai kitu, dada. Aliuliza. Mimi nikamdai uthibitisho mtu aliyekuwa anauliza swali.

Jumatano niliandika haya yote kwenye grupu kwa jina langu. Jibu la kwanza lilikuwa: "Msimamizi naye kashikwa na namba tano." Likafuata lile la jogoo, neno kwa neno nilivyoliandika mimi, na vicheko vile vile. Nilitazama sentensi yangu inavyotembea peke yake nikahisi kama mtu aliyekuta funza ndani ya chakula alichokwisha kumeza. Nimetoka. Wamechagua msimamizi mwingine, orodha bado imebandikwa juu, na wamezidisha namba hadi kumi na tano.

Naogopa kuja. Sijui nitamwambia nini.

Chrispine


Mwakirunge
Ijumaa, 28 Machi 2025

Chrispine,

Nimesoma. Sina la kukuambia kuhusu hayo kwa sasa.

Nakuarifu tu. Juzi afisa wa mazingira wa kaunti alifanya kikao kwenye uwanja wa chifu kusikiliza wakazi na kampuni. Wakili wa kampuni alikuja na karatasi kumi na moja zilizopigwa chapa. Ni maneno yako, Chrispine, uliyoyaandika kwenye grupu. Alisimama na tai yake akasoma ya jogoo, akasoma ya mchanga wa baharini, akasoma kwamba Kioko ana kinyongo. Alisema, "Haya hayasemwi na kampuni, yanasemwa na mkazi msomi wa Mombasa asiye na upande." Wazee walinitazama mimi. Wote wanajua wewe ni nani kwangu.

Kikao cha pili ni Alhamisi tarehe tatu, saa nne asubuhi. Mimi sitakuwepo, siku hiyo wanampasua tena Bi Mwanasaumu mkono na hana mwingine wa kukaa naye.

Sikuombi. Nakuarifu.

Kache


Bofu
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Dada Kache,

Shikamoo. Nilikwenda. Nilifika saa tatu na nusu, nikapitia kwanza kwenye ile nyumba. Nilisimama mahali kitanda kilipokuwa. Mashimo ya kampuni yanaonekana kutoka hapo, hata shingo huhitaji kuinua. Kumbe mtu angekuja dakika moja tu angeona.

Kikao kilipoanza wakili akashika zile karatasi tena. Nilinyoosha mkono. Nilisema, "Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika nikiwa Likoni. Ufa wa nyumba hiyo sikuwa nimewahi kuuona, na nilipoletewa ushahidi niliuficha." Nikatoa karatasi zako mbili nikamkabidhi afisa.

Wakili hakukasirika. Alitabasamu. Akaniuliza, "Wewe ni mhandisi?" Nikasema la. "Una utaalamu wa baruti?" La. "Sasa tukuamini wakati gani, ulipokataa bila kujua ama leo unapokubali bila kujua? Au ni huruma tu kwa mama aliyeumia?" Watu wengine walicheka. Nilikuwa namsikiliza mtu anaongea kwa sauti yangu, kwa ufasaha kunishinda. Nilikaa chini. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu akasogeza kiti chake mbali.

Kwa hiyo sikusaidia kitu. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu.

Aliyesaidia ni Kioko. Alisimama na daftari lake la kazi, lile alilokuwa akiandika kila shimo alilotoboa, kina chake, na hatua ngapi kutoka nyumba ya kwanza. Desemba hatua mia nne. Januari mia mbili na thelathini. Alisema siku alipokataa kutoboa karibu zaidi ndiyo siku aliyofutwa. Wakili akasema ana kinyongo. Kioko akajibu, "Ninacho, bwana. Kipime, na umbali pia upime, uone kipi kirefu."

Afisa hakucheka. Alimuuliza tarehe gani. Shimo lipi. Nani mwingine aliona. Ni maswali yale yale niliyokuwa nikijigamba kwamba nayauliza mimi. Tofauti ni kwamba yeye aliuliza kisha akanyamaza, akangoja jibu, akaliandika. Halafu akaenda mwenyewe na utepe wa kupimia, sisi nyuma yake juani, hadi ukutani kwa Bi Mwanasaumu. Karatasi zako alizitia kwenye faili.

Ameagiza baruti isimame hadi wataalamu wapime nyumba zote za upande ule. Kampuni imesema itakata rufaa. Kuhusu kumjengea mama nyumba, wakili alisema hilo halijathibitishwa.

Nilipokuwa narudi kwenye feri, kijana aliyekaa karibu nami alikuwa akibishana na mtu kwenye simu yake, akitabasamu peke yake huku anaandika haraka haraka. Niliujua uso ule. Nilihama kiti.

Bi Mwanasaumu anaendeleaje? Je, amesema lolote kunihusu? Amenisamehe?

Mdogo wako,
Chrispine


Mwakirunge
Jumatano, 9 Aprili 2025

Chrispine,

Kidole cha tatu kimepona. Amerudi, analala kwangu. Anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto na anamwaga uji kifuani, na hataki nimlishe.

Nilimsomea barua yako yote, polepole, hata pale pa wakili. Nilimuuliza lile uliloniuliza. Aliendelea kuteka uji kwa kijiko. Kisha akaniambia nimkune mgongoni, mahali ambapo mkono wa kushoto haufiki. Nikamkuna. Akasema, "Hapo hapo." Hakusema lingine, na mimi sikumdai.

Mimi bado sijui. Nikiona mwandiko wako kwenye bahasha bado naiweka chini kwanza. Lakini bahasha naifungua.

Jumapili Kioko na watu wa mtaa wanaanza kuondoa kifusi, na mawe yanayofaa tutayapanga tena. Njoo asubuhi na mapema, vaa viatu vigumu. Ukifika, mwamkie mama, ungoje aitike. Asipoitika, chukua karai ubebe mawe. Usije na maneno.

Kache